Kisa cha mkwe asiyeongea: jinsi kurekodi sauti kulivyotuharibia, afu kukatusaidia

Hiki kisa nimekaa nacho muda mrefu nikijiuliza niandike au niache. Mwenyewe ameniruhusu kwa masharti mawili, jina lake na la ukoo wa mumewe lisionekane, na sauti yake isisikike popote, kwahiyo humu ni maandishi tu na yeye nitamwita dada wa Leipzig. Mi ni mwalimu wa Kiswahili kwa wageni hapa Tanga, naishi Chuda, zamani nilikua nafundisha ana kwa ana, watu wanakuja Raskazone kwenye mapumziko wanataka wiki mbili za lugha, baada ya 2020 karibu kazi yote ikahamia mtandaoni. Naandika kwa walimu wenzangu zaidi, ila na mwanafunzi akisoma atapata kitu.

Dada huyu ni muuguzi, ameolewa na kijana wa Ngamiani, mtaa wa hapa hapa Tanga, ambae wamekutana huko huko Ujerumani. Nyumbani wanaongea Kijerumani. Alikuja kwangu akiwa ameshasoma mwenyewe karibu mwaka mzima, na kuandika alikua anaandika vizuri hata watoto wetu wa shule wengine hawamfikii, ngeli zake ziko sawa, "-ki-" ya masharti anaiweka mahali pake, akinitumia meseji najiuliza kama hajaandikiwa na mumewe. Lakini ukimpigia simu, kimya. Yaani unasikia anapumua. Unamuuliza umeshindaje leo, zinapita sekunde sita, nane, kisha anasema "nzuri", na hapo ndo mwisho.

Sasa tatizo halikua mtihani wala cheti, tatizo lilikua mama mkwe. Mama huyu ni mtu mzima wa Tanga wa siku zote, macho yamechoka, herufi za simu hazioni, na hata angeziona si mtu wa kuandika, yeye kila kitu ni voisi. Mkwe akimwandikia "Shikamoo mama, habari za nyumbani" inabidi aitwe mjukuu aisome kwa sauti mbele ya watu wote walioko ukumbini, kwahiyo hata neno la siri kati ya mama na mkwe wake halina njia. Mama anajibu kwa voisi ndefu yenye salamu, dua, habari za jirani, bei ya samaki, na dada anajibu kwa maandishi mistari mitatu. Mwishoni mama akamwambia mwanawe, "Mwanangu, mkeo mbona hanisemeshi? Nimemkosea nini?" Hiyo kauli ndo iliyomleta kwangu. Aliponieleza (kwa kuandika) nilihisi uzito wake, maana kwetu huku salamu ni mwili mzima wa heshima, mkwe akisalimia kwa karatasi ni kama amesimama nje ya mlango hataki kuingia.

Tulianza kawaida, Zoom mara mbili kwa wiki, saa tatu usiku ya hapa, kwao ni saa moja jioni wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto maana wao husogeza saa. Miezi miwili ya mwanzo nilifundisha kama nilivyozoea. Akisema "mtoto yangu", mi narudia taratibu "aha, mtoto wangu, ana umri gani?" na yeye anatikisa kichwa, "ndiyo, mtoto yangu ana miaka nne". Hapo kuna makosa mawili na mi nimesahihisha moja ambalo hata hakulisikia! Kuna utafiti wa Roy Lyster na Leila Ranta wa 1997, walisikiliza madarasa ya watoto wa nyumba za Kiingereza wanaofundishwa masomo kwa Kifaransa huko Kanada, wakakuta zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikua ya aina hii hii, mwalimu anarudia sentensi ikiwa imenyooka kisha anaendelea, na ndo aina iliyoleta mwitikio mdogo kuliko zote kwa wanafunzi. Mwanafunzi anadhani mwalimu anakubaliana nae. Mi nilikua nikiisoma hiyo nakubali kwa kichwa, halafu usiku kwenye Zoom nafanya kile kile.

Na huko huko Kanada mtafiti wa lugha Merrill Swain alishaandika 1985 kuhusu watoto wa mfumo huo huo, wamesikia Kifaransa miaka na miaka, kuelewa wanaelewa karibu kama wenyewe, lakini wakifungua mdomo sarufi inabaki nyuma. Hoja yake ni kwamba kusikia peke yake hakutoshi, lazima mtu asukumwe atoe lugha, maana anapotoa ndipo anagundua pengo liko wapi. Dada wa Leipzig alikua mfano kamili. Alikua ameelewa Kiswahili chote cha voisi za mama mkwe, kila neno, na hakuna kilichokua kinatoka.

Basi nikamwambia, tuanze kurekodi. Kila siku dakika moja na nusu kwenye WhatsApp, unaniambia umeshindaje, mi nasikiliza asubuhi nakujibu. Wazo nililiona zuri na rahisi: hakuna mtu anamwangalia, hakuna sekunde nane za aibu, akiwa tayari ndo anabonyeza. Kwa upande wangu pia ni nafuu, maana Zoom ya picha saa nzima inakula mamia ya MB na umeme ukikatika Chuda kipindi kimeisha, wakati voisi ya dakika moja haifiki hata MB moja, inasubiri kwenye simu mpaka mtandao urudi halafu inaondoka yenyewe.

Wiki sita tulifanya hivo na dada akawa mbaya kuliko alivyokuja.

Nataka nikae hapa kidogo maana ndo kiini cha kisa chenyewe. Voisi zake zilikua zinafika safi mno, hakuna kusita hata mara moja, sentensi ndefu, ngeli zote sawa. Nilifurahi wiki ya kwanza. Wiki ya tatu nikaanza kusikia kitu cha ajabu kwenye matamshi, kitu ambacho kwenye Zoom hakikuwepo. "Habari tsa leo." "Zaza nimefika kazini." "Nimefua ng'uo." Kwenye Zoom, kwa maneno yake machache, alikua anasema "sasa" vizuri kabisa! Nikarudi kusikiliza voisi zote upya siku moja, nimekaa barazani na hedifoni, ndipo nikaelewa kwamba anasoma. Anaandika kwanza kwenye daftari, anasahihisha, afu anasoma kwa sauti mbele ya simu. Na akisoma, jicho lake linaona herufi za kwao. Kijerumani herufi z inasomwa "ts", s ikiwa mwanzoni mbele ya irabu inatoka kama z yetu, na "ng" ya kwao katikati ya neno mara nyingi ni ile "ng'" yetu ya ng'ombe, haina g nyuma yake. Kwahiyo nguo ikawa ng'uo, ngoma ikawa ng'oma, na kila siku dakika moja na nusu alikua anajifundisha kusoma Kiswahili kwa Kijerumani, kwa bidii, na mi nampongeza.

Nilipomuuliza akakiri bila shida. Tena akaniambia alikua anarudia. Voisi moja anairekodi mara kumi, kumi na moja, akikwama kidogo anaifuta anaanza upya mpaka itoke bila doa. Dakika yangu moja na nusu ilikua inamchukua saa nzima kila usiku baada ya zamu ya hospitali. Alikua amechoka. Na kitu ambacho mama mkwe alikua anakisubiri, mkwe kuongea tu kama mtu, kilikua kimesogea mbali zaidi, maana sasa dada ameshaamini kwamba Kiswahili chake hakifai kusikika mpaka kisafishwe mara kumi.

Kosa langu la pili lilikuja hapo hapo. Nikasema basi acha kusoma, ongea tu. Akaongea. Akatuma dakika mbili za kuongea kweli, imejaa makosa, lakini ni maneno yake mwenyewe, ya kwanza tangu tujuane. Na mi nikafanya nini? Nikakaa na kalamu nikaandika kila kosa, yakafika ishirini na tatu, nikamtumia orodha kwa maandishi. Nilidhani ndo kazi ninayolipwa. Siku kumi na tatu hakutuma kitu. Mumewe ndo alinipigia, kwa adabu sana, akasema "Mwalimu, naomba umtulize, amesema ataacha." Sitaki kulipita hili haraka maana najua walimu wengi tunafanya hivi, sauti ya mtu tunaifanya kama insha. Insha unaweza kuipaka wino mwekundu yote na mtu akaisoma taratibu. Sauti ni yeye mwenyewe.

Tulipoanza upya tulikubaliana mambo kwa mdomo, Zoom, mumewe akiwepo. Daftari hakuna. Unabonyeza mara moja, ukikwama unakwama humo humo, ukikosea unajisahihisha humo humo kwenye rekodi, huruhusiwi kufuta. Nilimwambia hata ukikaa kimya sekunde kumi nitumie hizo kumi. Na kabla ya kunitumia, aisikilize mwenyewe mara moja, achague sehemu moja tu ambayo haijamridhisha, aniambie mwishoni mwa voisi nyingine fupi: "Mwalimu, pale niliposema hivi, sijaipenda." Mi nami najibu kwa voisi, siandiki, na nagusa mambo mawili tu, moja lake alilolichagua na moja langu. Mengine yote yaliyobaki naandika kwangu, yatasubiri zamu yake.

Hiyo ya kujisikiliza aliichukia. Wengi wanaichukia, na sababu ipo ya kimaumbile kabisa: ukiongea, sauti yako unaisikia kwa njia mbili, hewani kupitia sikio na ndani kupitia mifupa ya kichwa, na mifupa inaongeza ule unene wa chini. Rekodi ina ya hewani peke yake, kwahiyo unajisikia mwembamba, kama mtu mwingine. Nilimweleza kwamba ile nyembamba ndo wengine wote wanaisikia siku zote na wanampenda nayo. Baada ya wiki hivi akazoea. Na kilichonishangaza ni alivyokua anachagua. Mi nilitegemea atachagua ngeli, kumbe alikua anachagua sauti. Siku ya nne akaniambia: "Mwalimu, nasikia kitu kinakatika nikisema kuandika." Na kweli! Wajerumani wakianza neno na irabu huwa wanafunga koo kidogo kwanza, kamkato kadogo, na yeye alikua anakaingiza katikati ya kitenzi, "ku-andika", "nina-omba", "tu-anze", kama kuna kimlango kati ya silabi. Mi nilikua nimekasikia miezi kama minne bila kujua ni nini, nilikua najua tu ni lafudhi ya kigeni. Yeye akakaona peke yake kwa siku nne za kujisikiliza.

Ile ya nguo tuliitatua kwa jina la mji wetu. Nilikua nimegundua kwamba akitaja Tanga anatoa g safi kabisa, hajawahi kukosea. Basi nikamwambia arekodi "Tanga" mara tatu, halafu afikirie "Ta" imebaki mdomoni haitoki, aseme "nga", afu "nga, ngu, nguo". Akarekodi akilinganisha Tanga na nguo, Tanga na ngoma, Tanga na nguvu, anajisikiliza anarekebisha. Jumamosi moja tu. Ng'ombe nae akapata nafasi yake kivyake maana hiyo sauti kwao ipo tayari, alikua hajazoea tu kuiweka mwanzoni mwa neno.

Irabu ndefu zilichukua muda zaidi. Mama mkwe alimtumia dera kwa mtu aliyesafiri, na dada akamrekodia mumewe ujumbe wa majaribio, "dera limenifa sana mama". Alitaka limenifaa. Sikio la mtu wa Tanga linasikia kifo pale. Hapo ndo nikamfundisha kuhesabu kwa kidole mezani huku anarekodi, fa-a, ka-a, ja-a, kila irabu pigo lake, na kwenye rekodi pigo la kidole linasikika kabisa kwahiyo akijisikiliza anajua kama amelipa deni la irabu au amelikata.

Kuna kitu kingine ambacho sikio halikutuonyesha, jicho ndo lilituonyesha. Nilimwomba rekodi moja kwa wiki aifanye kwenye laptopu kwa Audacity, ni programu ya bure, na faili la WAV la maiki moja ni kama MB 5 kwa dakika kwahiyo hizo tulikua tunafanya mojamoja tu. Uzuri wake sauti unaiona imechorwa, pakiongewa kuna milima, pakiwa kimya ni mstari. Tukaiweka rekodi yake chini na voisi ya mama mkwe juu (mama aliombwa, akakubali, akacheka sana kusikia anasomwa kama somo). Mama ananyamaza. Tena ananyamaza sana, mistari mirefu tu. Lakini ukimya wake uko kabla ya kitenzi au baada yake, na mara nyingi umejazwa: "yaani", "sasa", "basi mwanangu", "eeh". Wa dada ulikua ndani ya kitenzi. A-li, kimya, ni-, kimya, tumia. Kwa anayejenga kitenzi kichwani kipande kwa kipande ni kawaida, lakini sisi huku hatukati kitenzi katikati, mtu akikata tunadhani amepata kwikwi. Mi miaka yote nilikua nawaambia wanafunzi "ongea haraka kidogo". Ushauri mbovu kwakweli. Alichohitaji si kasi, alihitaji kuhamisha ukimya. Nikampa maneno ya kushikia nafasi, yaani, sasa, unajua, basi bwana, na kila kitenzi kigumu akijenge kimya kimya huku mdomo unasema "yaaani", halafu akitoe kizima. Wiki tatu kwenye mchoro mistari ikaanza kuhama. Ukisikiliza bila kuangalia ungesema amejifunza mwaka mzima.

Afu tukaingia kwenye kurudia. Kuna zoezi linajulikana kwa walimu kama nne-tatu-mbili, mtafiti wa ufundishaji lugha Paul Nation aliliandikia 1989, mtu anaeleza jambo lile lile mara tatu, kwanza dakika nne, kisha tatu, kisha mbili, na kila mara kwa msikilizaji mpya. Kadri muda unavyobana ulimi unafunguka maana mawazo yameshapangwa. Nikalihamishia kwenye voisi, dakika tatu, mbili, moja, zote ananitumia mimi. Halikufanya kazi. Ya tatu ilikua imekufa, anaongea kama anasoma tangazo, na nilipowaza nikaona nimeondoa lile la muhimu, msikilizaji mpya. Nani anamweleza mtu mmoja habari moja mara tatu? Basi ya kwanza akawa ananitumia mimi, ya pili anamtumia mumewe akiwa kazini, na ya tatu, ya dakika moja, fupi, iliyoshakomaa mdomoni, nikamwambia hiyo mtumie mama.

Akaogopa. Nikamwambia hiyo haipiti kwangu, sitaisikia, sitaisahihisha, ni ya kwenu wawili. Sikuisikia kweli mpaka leo. Najua tu kwamba siku ya pili mumewe aliniambia mama ameisikiliza mara nyingi, akaenda nayo mpaka kwa jirani kumsikilizisha, na akawa anasema "msikie mkwe wangu".

Kwa wanaotaka mambo ya vitendo kuhusu kurekodi kwenyewe, mi naona watu wanahangaikia maiki bure. Simu ya kawaida inatosha. Kinachoharibu rekodi hapa Tanga ni feni, zima feni dakika mbili, jasho halitakuua, na ukuta mtupu unaorudisha sauti, kaa karibu na kabati la nguo au kitanda chenye godoro, tandika khanga mezani chini ya simu. Kengele za baiskeli na adhana ziache, ni maisha. Simu weka shubiri moja hivi toka mdomoni na pembeni kidogo ili p na b zisipulize maiki. Na rekodi zihamishe, zipe tarehe, weka kwenye folda, usiziache kwenye simu peke yake. Mi nilikua nimezihifadhi zote tangu ile ya kwanza ya daftari, ndo maana uchambuzi huu umewezekana.

Tulijaribu na ile kibodi ya simu inayoandika unachosema, Kiswahili kipo, nikidhani itakua mwalimu wa matamshi asiyelala. Tahadhari. Alisema "ntsuri" ikaandika nzuri, maana hizi programu zinakisia neno kwa kuangalia majirani yake, zikiona "habari" mbele zinajua kinachofuata. Kwahiyo ilikua inampa vema ambazo hajazistahili. Kwa neno moja moja lisilo na majirani ni afadhali kidogo, lakini tuliiacha.

Na hili la ruhusa naomba tulichukulie kwa uzito. Nilipoona maendeleo nilitaka kuwachezea wanafunzi wengine rekodi yake ya kwanza na ya wiki ya ishirini, nikamwomba, akasema hapana, Mwalimu, ile ya kwanza nilikua nalia kabla ya kubonyeza. Basi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ambayo imeanza kutumika Mei 2023, na wao Ulaya wana ya kwao tangu Mei 2018, ila hata bila sheria, sauti ya mtu anaejifunza ni kitu cha ndani sana, na ukishaicheza mbele ya watu bila kumuuliza hataongea tena mbele yako kwa uhuru. Nimeona walimu wanarusha voisi za wanafunzi kwenye magrupu ili watu wacheke lafudhi. Inaniuma.

Sitasema kurekodi kumemaliza kila kitu. Simu ya moja kwa moja bado inamshinda wakati mwingine, hasa wakiongea watu wawili watatu kwa pamoja kama ilivyo desturi ya ukumbi wa Ngamiani jioni, maana kwenye voisi zamu ni yako mpaka umalize na kwenye ukumbi hakuna anayekuachia zamu. Hiyo ni kazi nyingine na tunaifanya sasa, mumewe na mi tunamkatiza makusudi kwenye Zoom. Ngeli za "i-zi" bado zinamteleza akichoka. Na mwezi wa pili wa mpango mpya kuna wiki nzima alirudia kuandika kwa siri, nilimjua kwa ile "zaza".

Juzi usiku imeingia voisi yake, si ya zoezi, siku yake haikua. Sauti iko juu kidogo, ina haraka, na ndani yake kuna "yaani" tatu. Anasema, "Mwalimu samahani kukusumbua, mama ametuma voisi ya dakika sita, yaani nimeelewa yote, anasema tukija mwezi wa kumi na mbili asubuhi ya kwanza tusile popote, twende kwake tustaftahi. Sasa hiyo kustaftahi, yaani, ni nini? Mbona hukunifundisha?" Nikashika simu, nikazima feni, nikamjibu: ni chai ya asubuhi dada, wazee wetu wa pwani ndo wanaita hivo, na kwa mama wa Ngamiani itakua na mikate ya kumimina na mbaazi za nazi, kwahiyo mwambie mumeo mfike na njaa. Akanijibu palepale, sekunde nne tu, "Haya Mwalimu, nimeshamjibu mama nikasema tutakuja."

Nguo, ngoma, nguvu hazikuwemo. Lakini "nikasema" ilitoka nzima.